Mjakaranda Uliokatwa Kichwa

Alijua kuna jambo kabla hajafika getini, kwa sababu aliliona paa la nyumba yake. Miaka yote aliyoishi mtaa ule, mtu akikata kona ya duka la mkaa haoni paa. Anaona mjakaranda, na msimu wa maua anaona zambarau tupu, kama mtu kaanika mashuka juu ya nyumba nzima. Siku hiyo aliona mabati, tena yenye kutu, yamekaa juani bila haya.

Alikuwa anatoka kumwuguza mdogo wake aliyejifungua kwa upasuaji. Mkononi ana begi, begani ana mkoba wa vitana na nyuzi, maana msusi hatembei mikono mitupu hata akienda hospitali. Akaongeza mwendo. Getini akasimama.

Mti ulikuwepo, kama bado ungeweza kuitwa mti. Lilibaki shina, na juu yake mikono minene iliyokatwa viwikoni. Jani halikuwepo hata la kusingizia. Unga wa mbao ulikuwa umetapakaa ua mzima, umeingia mpaka kwenye beseni la kuoshea nywele. Viti vya wateja vilikuwa vimeegeshwa ukutani, kimoja juu ya kingine, kama vitu vya mpangaji aliyefukuzwa.

Mume wake alikuwa barazani na kikombe cha chai. Mtaani walimwita Breki, kwa sababu alikuwa dereva wa malori mpaka alipostaafu, na pia kwa sababu hakuna mazungumzo aliyoyaingia yasisimame.

"Umefika," akasema. "Mdogo wako hajambo?"

"Nani amekata mti wangu?"

"Weka begi chini kwanza, mama."

"Nimeuliza nani."

Breki akanywa funda moja la chai, polepole. "Nimeupunguza. Ulikuwa umezidi. Mizizi ile ingekuja kutubomolea nyumba. Na hizo taka zake, maua kila mahali, kila siku kufagia..."

"Nani alikuwa anafagia?"

Breki akachungulia ndani ya kikombe chake.

"Nakuuliza wewe, baba. Nani alikuwa anafagia? Ufagio wa ua huu unajua hata unakaa wapi?"

"Utaota tena. Mti si mtu."

"Ni kweli, si mtu. Mtu angepiga kelele, majirani wakaja."

Akaingia ndani na begi lake, akafunga mlango wa chumba. Hakulia. Alikaa kitandani, akavitoa vitana mkobani, akavipanga kimoja kimoja juu ya shuka.

Ili uielewe hasira yake, lazima ujue kwamba walipohamia pale ua ulikuwa kifusi kitupu. Matofali yaliyovunjika, chupa, udongo mgumu kama sakafu. Yeye ndiye aliyechimba shimo, akatoa kifusi ndoo kwa ndoo, akajaza udongo aliouomba kwa watu, akapanda mche uliokuwa mwembamba kama penseli. Mume alikuwa safarini. Mume siku zote alikuwa safarini. Mche ukala samadi aliyoibeba mwenyewe kutoka kwa wafuga ng'ombe, akiiacha kwanza ioze mpaka isinuke, maana mbichi inaunguza. Mvua zikikaribia alilegeza udongo na kuilisha ile mizizi ya mbali, pale kivuli cha matawi kinapoishia, kwa kuwa mti haulishwi shinani. Mdomo wake uko mbali na tumbo. Kiangazi aliutandazia majani makavu chini ili unyevu usikimbie. Hakuna aliyemwagiza. Alikuwa na watoto wawili, mmoja mgongoni na mwingine tumboni, na mti ukawa wa tatu.

Ulipotoa kivuli, wanawake wakaanza kuja. Mmoja alikuja kusukwa mistari, akamleta dada yake, dada akamleta jirani. Mama Kivuli, walimwita. Hakuwahi kuwa na kibao wala chumba cha biashara. Ule mti ndio ulikuwa saluni yake. Watoto wamesoma chini yake na chini yake wameolewa na kuoa, sasa wana miji yao.

Kesho yake alikwenda kumtafuta mkata miti. Alimkuta kwenye banda lake kando ya soko, ameketi juu ya gogo, ananoa mnyororo wa msumeno wa mashine. Nyuma yake zilipangwa kuni za rangi ya maziwa, mbichi bado. Alizitambua kwa harufu.

"Hizi ni zangu," akasema.

"Mama, karibu. Zipi?"

"Hizo nyuma yako. Umenikatia mti."

Mkata miti akaweka tupa chini. Alikuwa mtu mnene mwenye sura ya upole, na upole ule ulimuudhi zaidi. "Ah, wa kwa Breki! Mama, mimi sina ugomvi na mtu. Nimeambiwa kata, nimekata. Kinyozi akiletewa kichwa haulizi kina mwenyewe."

"Kinyozi ananyoa nywele. Wewe umekata shingo."

"Mwenye nyumba kasema kata mpaka hapa." Akaonyesha kiwiko chake.

"Na wewe ukaona sawa? Miaka yote unakata miti, hujui jakaranda ukiukata hivyo unaota fimbo fimbo badala ya matawi? Hujui hautatoa ua hata moja kwa miaka?"

"Najua," mkata miti akasema, na angalau hapo alikuwa mkweli. "Lakini mteja akitaka, nikikataa anaenda kwa mwingine."

Mama Kivuli alimtazama, akakosa tusi la kumtosha. Akaondoka. Njiani akalipata, zuri, refu, lakini alikuwa ameshafika mbali.

Nyumbani wateja walijaribu. Walikuja, wakakaa pale pale walipozoea, jua likawashukia utosini. Msusi akafunga turubai kati ya shina na nguzo ya bafu, lakini turubai halipumui. Mafuta ya nywele yaliyeyuka koponi. Mteja mmoja aliyekuwa mjamzito alizimia nusu kichwa kikiwa kimesukwa na nusu bado, akarudishwa nyumbani kwake vile vile. Baada ya hapo wakawa wanapiga simu kuuliza, "Kivuli kimerudi?" kama wanaouliza habari za mgonjwa. Kisha wakaacha kupiga.

Na yeye akaacha kusema na mume wake. Alipika, aliosha, aliweka chakula mezani, lakini neno lolote la lazima alilielekeza kwenye samani.

"We mlango, mwambie mwenye nyumba maji ya kuoga yako tayari."

"Si uniambie mwenyewe?" Breki anasema.

"Mlango, umesikia sauti? Mimi sijasikia."

Wifi yake akaja kusuluhisha. Huyu alikuwa dada mkubwa wa Breki, mwanamke aliyezoea kutengeneza ndoa za watu tangu ya kwake ilipomshinda. Alikaa, akala, akasafisha koo.

"Wifi yangu, mimi sikuja kumtetea. Lakini mti ni mti, mume ni mume. Utamnunia mwanaume kwa ajili ya majani?"

"Kwani majani ndiyo yaliyoniudhi?"

"Sasa nini?"

"Aliningoja niende kwa mgonjwa, wifi. Ningekuwepo, angesimamisha ule msumeno? Alijua nitakataa. Akangoja nimpe mgongo. Mwizi ndivyo anavyofanya."

Wifi akamtazama kaka yake, aliyekuwa anajifanya anatengeneza redio. "Hilo," akasema, "kwa kweli hilo hukuniambia." Akaondoka bila kumalizia chai, na suluhu ikaenda naye.

Mama Kivuli aliukuta ushauri wa maana kwa mwenye kitalu, mwanamke mfupi aliyeuza miche nyuma ya kituo cha mafuta na asiyekuwa na muda wa kubembeleza mtu. Yeye ndiye aliyemuuzia ule mche wa penseli zamani hizo.

"Usiulishe," mwenye kitalu akamwambia hata kabla hajaulizwa. "Nawajua nyinyi. Mtauona uko uchi, mtauonea huruma, mtaujazia mbolea. Mti unapika kwa majani, na majani hauna. Jiko limebomolewa, wewe unaleta magunia ya unga ya nini? Upe maji na matandazo, basi. Na shina ulipake chokaa nyepesi. Gome lililozoea kivuli chake lenyewe, jua likilipiga ghafla linapasuka, na wadudu wanapata mlango."

"Utapona?"

"Mimi ni mganga? Machipukizi yakifika urefu wa mkono, hapo uupe samadi iliyoiva. Kidogo, na mbali na shina."

Akafanya hivyo. Alipaka chokaa akiwa juu ya ngazi, huku Breki amesimama chini asijue ashike ngazi au asishike. Alipoishika, yeye akashuka, akaihamisha ngazi upande mwingine, akapanda tena. Alitandaza nyasi kavu kuuzunguka mti, akiacha nafasi ya kiganja kati ya nyasi na gome ili lisioze. Kila asubuhi akamwaga maji, akiyapeleka mbali, kwenye mstari ule ambao kivuli kilikuwa kinaishia zamani. Hakuna aliyeuona tena mstari huo isipokuwa miguu yake.

Mti ukachipua. Ulichipua kwa fujo, kama mkata miti alivyojua na kunyamaza. Kila mkono uliokatwa ulitoa rundo la vifimbo vilivyosimama wima vikigombania nafasi. Alichukua mkasi akavipunguza, akaacha vile vyenye nguvu na vilivyokaa mbalimbali, na vilipofika urefu wa mkono akaupa mti samadi iliyoiva, konzi konzi, mbali na shina. Majani yale laini ya jakaranda yakaanza kufunguka kama unyoya. Alipoyaona hakufurahi sana, kwa sababu furaha ingemtaka amsamehe mtu. Lakini siku hiyo alipika kwa kuimba, na Breki aliusikia wimbo kutoka barazani.

Labda wimbo ndio uliouponza mti. Siku chache baadaye alikwenda kumsuka mteja nyumbani kwake, mbali, akarudi jioni. Wiki ile ile majani yakaanza kukauka pembeni. Mwanzo ilikuwa ncha tu, rangi ya hudhurungi, kama yamepitishwa karibu na moto. Kisha jani zima. Kisha machipukizi ya upande wa barabara yakalala, moja baada ya jingine.

Alikagua wadudu, hakuona. Akapiga magoti, akayafunua matandazo karibu na shina. Pale alipoacha nafasi ya kiganja, palikuwa pamejaa. Chini ya nyasi palikuwa na tabaka jeupe la chembechembe lililoganda kama chumvi, limeizunguka miguu ya mti yote. Akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema. Mbolea ya dukani. Kwa wingi ule, ungeweza kulisha shamba.

Kwa mara ya kwanza tangu alipotoka kwa mdogo wake, akamwita mume wake kwa jina lake halisi, lile la ujana, kwa sauti iliyowafikia majirani.

Breki akatoka na kandambili moja.

"Umemwaga nini hapa?"

"Mbolea."

"Kiasi gani?"

"Mfuko."

"Mfuko mzima?"

"Niliona unaupa konzi konzi. Nikasema huu una njaa. Nikataka..." Akajikuna shingo. "Nilitaka ukue haraka."

"Umeukata nikiwa kwa mgonjwa, sasa umeutilia sumu nikiwa kazini. Nikifa utaufanyaje, utauchoma moto?"

"Mimi nilikuwa narekebisha!"

"Amekutuma nani urekebishe? Umeniuliza?"

"Nikuulize vipi? Unasema na milango! Mimi katika nyumba hii cheo changu ni chini ya kabati!" Na sasa na yeye akawaka, mzee mzima na kandambili moja. "Na usiseme nilianza kukosa juzi. Kabla ya haya yote, nilikwambia nini? Nilikwambia wapunguze hawa watu, nimechoka kupita nikijibana ukutani kwangu kama mgeni. Ukanijibu nini?"

"Sikumbuki."

"Ulisema, 'Subiri nimalize kichwa hiki.' Kila siku subiri nimalize kichwa hiki! Vichwa havikwisha! Nimelala kwenye lori nusu ya maisha yangu nikiota siku nitakayokaa uani kwangu. Nimerudi, ua una wenyewe. Kijiweni wananiita mume wa saluni. Mtu akipiga hodi anauliza, 'Mama Kivuli yupo?' Nikisema hayupo, huyo anageuka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuona kwamba mimi nipo!"

Mama Kivuli akapangusa udongo magotini. Alikumbuka. Alikumbuka hata mkao wake siku ile, kitana mdomoni, na jinsi alivyomjibu bila kugeuza shingo. Kulikuwa na ukweli ndani ya maneno ya Breki, na ukweli ule ndio uliomzidishia hasira, kwa sababu sasa hakuweza tena kuwa na hasira safi.

"Haya," akasema. "Hilo ni lako na nimelisikia. Nilikosa. Lakini mwenye kukukosea nilikuwa mimi, baba. Mimi, nina masikio na mdomo. Ungenigombeza. Ungevunja hata sahani. Ukaona umalizie hasira zako kwa kitu kisichoweza kukujibu."

Breki akaanza kuitafuta kandambili ya pili kwa macho.

"Mizizi kubomoa nyumba! Ulimdanganya mpaka dada yako."

"Nilisema tu..."

"Chukua koleo."

"Sasa hivi?"

"Unataka kwanza ukavae suti? Chukua koleo!"

Walikwangua tabaka lile jeupe pamoja na udongo wa juu, wakaubeba kwa ndoo mpaka nje. Kisha maji. Ilibidi chumvi ile isukumwe chini, mbali na mizizi, na njia ya kuisukuma ni maji mengi, yaachwe yanywewe, yamwagwe tena. Bomba lilikuwa linatoa uzi mwembamba, wakaenda kuchota kwa jirani. Breki akahema, akashika kiuno. Mke wake akamwona na hakumwambia apumzike. Jirani akachungulia juu ya ukuta.

"Jamani, kuna moto?"

"Upo," Mama Kivuli akajibu bila kusimama. "Wewe lete ndoo tu."

Walimwaga maji mpaka jua likashuka nyuma ya mabati yale yenye kutu. Ua ukawa tope. Hawakupeana mkono wala hawakuombana radhi. Breki alikwenda kuoga, na alipotoka akakuta chakula. Hakuna aliyeuambia mlango chochote.

Mti haukufa wote. Upande wa barabara ulikauka mpaka gome likabanduka, ikabidi uondolewe. Upande wa jikoni ulisimama. Ukawa mti wa kuinama, wenye bega moja, na wapita njia wasiojua habari walisema umepigwa na radi.

Mama Kivuli hakungoja. Alikodi chumba kando ya barabara kuu, chenye feni na kioo, akawapigia wateja wake mmoja mmoja. Walirudi wengi. Breki aliposikia alidhani ni adhabu, akasema atajenga kibanda cha makuti, wateja warudi uani.

"Hapana," mke wake akamwambia. "Ulitaka ua wako. Ndio huo."

Akaupata. Hakuna aliyepiga hodi tena. Alikaa barazani na redio yake, na ua wote ulikuwa wake, mweupe, wa moto, hauna hata kuku. Wiki kadhaa alivumilia. Kisha asubuhi moja mkewe alipoamka kwenda kumwagilia alikuta Breki amekwisha kumwagilia, na amemwagilia shinani.

"Huko ni kuuosha miguu," akamwambia. "Mbali. Njoo nikuonyeshe." Akamwonyesha, kwa sauti ya mwalimu aliyechoka, na Breki akafuata na ndoo.

Akajifunza taratibu samadi ipi imeiva na ipi bado, na kwamba mti ukijazwa mbolea unanenepa majani na kusahau maua. Kwa watu wa kijiweni akaanza kuwa mjuzi, akawachosha kwa habari za matandazo. Mke wake alisikia hayo kwa wateja, akashindwa kujizuia akacheka, halafu akajikasirikia kwa kucheka.

Msimu wa maua ukaja. Mijakaranda ya mitaa mingine ikawa zambarau. Wa kwao ukatoa majani tu. Asubuhi zote za msimu ule Mama Kivuli alipita kwenda kazini kwa njia ndefu ya sokoni, ili asiione ile mingine.

Siku moja, mvua zikiwa karibu, alikuwa getini na mkoba wake begani Breki alipomwita. Alikuwa amesimama chini ya mti, mkasi mkononi.

"Hili tawi," akasema. "Linakwenda dirishani. Na linalisonga lile lenzake. Nilikate?"

Mama Kivuli akarudi hatua chache, akaliangalia. Akaliangalia muda mrefu kuliko tawi lenyewe lilivyohitaji. Mwanaume akangoja, mkasi umefungwa.

"Hapana," akasema.

"Haya."

Breki akaurudisha mkasi kwenye msumari wake ukutani. Mama Kivuli akaenda kazini. Tawi lile kwa kweli lilistahili kukatwa, na yeye alilijua hilo tangu alipolitupia jicho. Atalikata mwenyewe, siku atakayotaka.